Kesi ya Kilwa kwenye simu ya Nchelenge

Kilwa inayozungumzwa hapa si ile ya Lindi yenye magofu. Ni mji wa wavuvi na wachuuzi katika mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, unaotazamana na Nchelenge ya Zambia, Ziwa Mweru likiwa katikati. Boti huvuka huku na huko zikiwa na unga, samaki, sabuni na abiria, na Kiswahili cha Katanga huvuka nazo hadi sokoni Kashikishi, ambako wenyeji husema Kibemba. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huo. Jeshi la Kongo likaukomboa tarehe 15, na katika msako uliofuata raia zaidi ya 70 wakauawa. Wengi walionusurika walikimbilia visiwani na upande wa Zambia. Wanajeshi walisafiri kwa magari ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na fedha Dikulushi, kilomita 50 hivi kutoka Kilwa. Kampuni ilisema magari yalichukuliwa kwa amri ya dola, na ikakana kosa lolote.

Kama kuna kesi ambayo mwanafunzi wa sheria mzaliwa wa Nchelenge anapaswa kuisoma mwanzo hadi mwisho, ni hii. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru washtakiwa wote kwa mauaji ya Kilwa. Wahanga wakaenda Kanada, ambako kampuni ilikuwa na ofisi. Mwaka 2011 jaji mmoja wa Québec alikubali kuwasikiliza. Januari 2012 Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo ikasema haina mamlaka juu ya shauri hilo, na kabla ya mwaka kwisha Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kulipokea. Mlango uliobaki ulikuwa Banjul, Gambia, kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Katika uamuzi wake wa mwaka 2016, Tume iliikuta serikali ya Kongo na hatia ya kukiuka Mkataba wa Afrika na kuitaka iwalipe wahanga dola milioni 2.5 za Marekani.

Zamani, mtu wa pwani ya Mweru aliyetaka kusoma karatasi hizo angehitaji nauli ya kwenda nchi tatu, na jina la kumfungulia milango huko. Leo anahitaji simu janja na rejea mbili fupi. Akiandika 2012 QCCA 117 kwenye hazina ya sheria ya Kanada iitwayo CanLII, hukumu ya Québec inafunguka bure. Akitafuta shauri namba 393/10 la Tume ya Afrika, anapata uamuzi wa Banjul. Hakuna simu mpya ya mwaka huu, hata ya bei gani, yenye jambo kubwa kuliko hilo kwa mwanafunzi wa sheria.

Kurasa za teknolojia hupenda kumwambia msomaji anunue nini. Kwa mwanafunzi aliyerudi likizo Nchelenge, karibu kilomita elfu moja kutoka maktaba za sheria za Lusaka, au kwa mtumishi wa halmashauri anayesoma shahada kwa masafa huku akiendelea na kazi, swali la kwanza ni lingine: sheria ipi itabaki mkononi mwake mtandao ukipotea na umeme ukikatika? Ushauri wote unaofuata unatokana na swali hilo.

Tuanze na chanzo. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kilianza kuweka sheria mtandaoni bila malipo. Zambia haikuchelewa. Katikati ya miaka ya 1990, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa haijaliwaza jambo hilo, Chuo Kikuu cha Zambia kilikuwa tayari na mradi uliozaa ZambiaLII, hazina ambayo leo kila mwanafunzi wa sheria wa nchi hiyo anaitegemea. Kenya ina Kenya Law, chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Tanzania ina TanzLII chini ya Mahakama, na Uganda ina ULII. Zote ni bure. Inasikitisha kuona mwanafunzi akinunua kwa mtu wa vitini nakala hafifu ya hukumu ambayo angeipakua mwenyewe kabla maji ya chai hayajachemka.

Hazina hizi zimeleta kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakithamini ipasavyo, nacho ni rejea isiyotegemea mchapishaji. Tazama [2019] UKSC 20. Mwaka, mahakama, namba ya hukumu katika mwaka huo, basi. Hiyo ni kesi ya Lungowe dhidi ya Vedanta, ambamo watu 1,826 wa vijiji vya karibu na Chingola walidai kuwa mgodi wa shaba wa Nchanga ulichafua maji yao. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wangeweza kuishtaki kampuni mama huko huko Uingereza. Iweke kando ya hukumu ya Kilwa kutoka Québec: nchi mbili, malalamiko dhidi ya kampuni za migodi ya shaba, na majibu yanayopingana. Mwanafunzi mwenye faili hizo mbili kwenye simu yake ana insha nzima ya mamlaka ya mahakama.

Mahakama ya Juu ya Zambia hutumia ZMSC, Mahakama ya Katiba ZMCC. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ni TZCA. Ukipakua hukumu, lipe faili jina kwa rejea hiyo kwanza, kisha majina ya wadaawa. Programu ya simu hupenda kuyaita mafaili yote "document" na tarakimu zisizo na maana, na baada ya muhula mmoja mwanafunzi ana mamia ya hukumu asizoweza kuzitambua. Faili zilizopewa majina kwa mwaka na mahakama hujipanga zenyewe, na zinatafutika bila mtandao.

Mtu wa Nchelenge apakue nini kwanza? Ningeanza na sheria zinazoishi pale. Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2011, kwa sababu kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane, na mtu aliyekamatwa na nyavu wakati huo anasimama mbele ya hakimu. Sheria ya Wakimbizi namba 1 ya mwaka 2017, kwa sababu makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa 2018 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika, yamo ndani ya wilaya hiyohiyo. Katiba na marekebisho yake. Sheria ya Ulinzi wa Data namba 3 ya mwaka 2021, ambayo nitairudia. Na Kanuni ya Adhabu, lakini hapa pana hatari inayostahili kuelezwa kwa kirefu.

Nakala nyingi za sheria za Zambia zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp ni za toleo la miaka ya 1990. Zimepigwa skani, zikatumwa, zikatumwa tena, na kila anayezipokea huamini ndiyo sheria. Desemba 2022 Zambia ilifuta adhabu ya kifo, na pia ikaondoa kosa la kumkashifu Rais. Mwanafunzi mwenye faili la zamani atasoma adhabu ambayo haipo na kosa ambalo halipo, na ataliandika kwenye mtihani kwa kujiamini. Tanzania nako mambo yamebadilika: Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, na yeyote anayetegemea nakala za toleo lililotangulia anaweza kujikuta akitaja kifungu ambacho namba yake imehama. Kwa hiyo kila faili la sheria liwe na tarehe ya kupakuliwa katika jina lake. Muhula ukianza, linganisha na nakala iliyo kwenye hazina rasmi. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja penye mtandao mzuri.

Ukubwa wa mafaili haupaswi kumtisha mtu. Hukumu ya kurasa 30 iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mahakama mara nyingi haifiki hata megabaiti moja. Flashi ya GB 32 inaweza kubeba hukumu zaidi ya 50,000 za ukubwa wa nusu megabaiti, nyingi kuliko atakazosoma wakili yeyote maishani. Zinazokula bando ni zile zilizopigwa picha. Jaribu kubonyeza neno kwenye faili: lisiposhikika, hayo si maandishi, ni picha, na hutaweza kutafuta neno ndani yake. Zipo programu za bure za simu zinazosoma maandishi kutoka kwenye picha. Zitumie kwa kurasa unazozihitaji tu, kisha soma matokeo kwa jicho, maana namba ya kifungu ikikosewa tarakimu moja maana yote imepotea.

Na Kifaransa? Anayesoma sheria Nchelenge husoma kwa Kiingereza, lakini jirani yake wa ng'ambo ya ziwa anahukumiwa kwa Kifaransa, kwa mfumo wa sheria ulioachwa na Wabelgiji. Programu ya Google ya kutafsiri huruhusu kupakua lugha nzima ili itumike bila mtandao. Pakua Kifaransa ukiwa mjini. Itakupa mwelekeo wa hukumu, ujue ni aya gani ya kumpelekea mtu anayekijua Kifaransa vizuri. Usiitumie kunukuu.

Sasa akili mnemba, ambayo ndiyo habari kubwa ya vifaa na programu kwa wanafunzi wa miaka hii. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha hoja zenye hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. ChatGPT ilikuwa imezitunga. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikajibu kuwa ni za kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Jambo hilo halikubaki Marekani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika kesi ya Mavundla, ilikuta kwamba kati ya hukumu 9 zilizotajwa na mawakili, ni 2 tu zilizoweza kupatikana. Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Uingereza ikatoa onyo kali kwa mawakili wake juu ya kosa lilelile.

Sisemi mwanafunzi asiitumie. Kwa mtu aliye mbali na mwalimu, programu inayoweza kumweleza kwa subira tofauti ya nia ovu na uzembe, na kumweleza tena kwa maneno mepesi, ni msaada wa kweli. Iombe ikuulize maswali ya mtihani. Ipe hukumu uliyoipakua mwenyewe na uitake ikuonyeshe aya zenye sababu za uamuzi, halafu uzisome aya hizo kwa macho yako. Lakini ikikutajia kesi usiyoijua, kazi ya kuithibitisha ni yako, na ndipo ile rejea fupi inapolipa. Ikisema [2017] ZMSC na namba fulani, fungua orodha ya mwaka 2017 ya mahakama hiyo. Namba ipo au haipo. Kama ipo, majina yanalingana au hayalingani. Kama yanalingana, hukumu inasema hayo au haisemi. Mtu anayeijua njia hiyo hawezi kuaibishwa na mashine.

Umeme. Zambia hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na maji, na ukame wa 2024 ulishusha mno maji ya bwawa la Kariba. Machi mwaka huo mgao ulianza kwa saa 8 kwa siku. Kabla ya mwaka kwisha, maeneo mengi ya nchi yalikuwa yakiona umeme kwa saa 3 tu. Waliokuwa na mitihani wakati ule wanajua maana ya kusoma hukumu huku asilimia za betri zikishuka. Ndiyo maana pawabenki si anasa, na ndiyo maana uongo unaouzwa kwenye pawabenki unauma.

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi inahesabu umeme ulio ndani ya seli, si utakaoingia kwenye simu yako. Zidisha mAh kwa volti 3.7, kisha gawanya kwa 1,000 upate wati-saa. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37. Simu ya mAh 5,000 inataka karibu 19. Karibu theluthi hupotea njiani kama joto, kwa hiyo utaijaza simu mara moja na ziada kidogo, wala si mara mbili. Ya 20,000 ya kweli ina wati-saa 74, na huweza kuipa kompyuta mpakato chaji moja, mradi tu ina tundu la USB-C linalotoa wati 45 au zaidi. Tafuta maandishi madogo nyuma ya kifaa yanayotaja uwezo halisi. Kisha kipime mkononi: pawabenki halisi ya 20,000 huwa na uzito wa gramu 300 hadi 450. Ikiandikwa 50,000 na ni nyepesi kuliko simu, mwachie muuzaji. Paneli ndogo ya sola ijaze pawabenki mchana, na pawabenki iijaze simu usiku. Kuiacha simu yenyewe juani huiua betri.

Habari njema katika upande huu imetoka Ulaya. Tangu Desemba 28, 2024, simu zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima zichajiwe kwa USB-C, na kampuni nyingi zinazouza Ulaya hazitengenezi simu moja kwa ajili ya Ulaya na nyingine kwa ajili ya Kashikishi. Kidogo kidogo waya mmoja unatosha kwa simu, kompyuta na taa. Anayenunua leo asikubali tundu la aina nyingine.

Wengi hununua kompyuta zilizotumika, na ni uamuzi wa busara, ila kuna jambo la kuangalia. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba zina vichakataji vya Intel vya kizazi cha 7 kurudi nyuma, na Windows 11 haivikubali rasmi. Muulize muuzaji kizazi. Ukitaka kukaa na mashine hiyo hadi umalize shule, chukua cha 8 au zaidi. Hakikisha ina diski ya SSD, maana hiyo huongeza kasi kuliko kitu kingine chochote. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, fungua ripoti inayotengenezwa, na utaona betri ilizaliwa na uwezo gani na umebaki kiasi gani. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Kama mashine ni ya zamani lakini imara na bei yake ni ndogo, Linux na LibreOffice zitaandika insha ya sheria ya mikataba bila tatizo, na Zotero, ambayo ni bure, itakutunzia rejea.

Kuhusu setilaiti: Starlink ilianza kutoa huduma Zambia mwaka 2023. Kongo iliipiga marufuku mwaka 2024 na kuipa leseni mwaka 2025, kwa hiyo sasa ina leseni pande zote mbili za Mweru. Gharama yake ni nzito kwa mwanafunzi mmoja. Kwa shule, parokia au wapangaji kadhaa wanaochangia, inaweza kuwa njia ya kupakua kazi ya muhula mzima kwa usiku mmoja.

Nililoahidi kulirudia ni ulinzi wa data. Nchelenge watu wanajuana. Mwanafunzi anayesaidia kwenye ofisi ya wakili au shirika la msaada wa sheria hukabidhiwa mambo ya watu: talaka, urithi, mimba ya binti wa shule, maelezo ya mkimbizi kuhusu aliyemkimbia. Kuipiga picha karatasi hiyo na kuituma kwenye kundi ili kuuliza ushauri ni kuvunja siri, na chini ya sheria ya 2021 ni zaidi ya utovu wa adabu. Kwa mkimbizi, jina likivuka ziwa linaweza kumfikia yuleyule aliyemkimbia. Weka nywila ndefu kwenye simu. Zima upakiaji wa picha kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa folda ya kazi. Simu ikiwa ya kuazimana nyumbani, mafaili ya kazi yakae kwenye folda yenye ufunguo wake au yasikae humo kabisa. Na usimpe fundi simu ikiwa na mambo ya watu ndani, yahamishe kwanza.

Vitivo vya sheria vingeweza kufanya jambo moja la gharama ndogo sana: kabla ya kila likizo, kumjazia flashi kila mwanafunzi anayekwenda mbali, iwe na sheria zilizohakikiwa, tarehe zikiwa wazi, na hukumu kuu za kila somo. Kazi ya kuzipanga inaweza kufanywa na wanafunzi wa mwaka wa tatu kama zoezi lao la utafiti. Lakini hata flashi hiyo haitakuwa na kila kitu, maana hukumu nyingi zilizomo kwenye ZambiaLII ni za mahakama za juu. Yanayoamuliwa na hakimu wa wilaya, ambako mvuvi wa Mweru hukutana na sheria, kwa kawaida hayafiki humo. Likizo ya Desemba inapoanza ziwa limeshafungwa, na mahakama huwa wazi kwa umma. Mwanafunzi anaweza kuketi nyuma, simu imezimwa kwa sababu kurekodi bila ruhusa ya mahakama hakuruhusiwi, na daftari mapajani. Aandike shtaka, kifungu, utetezi na adhabu, kisha jioni afungue Sheria ya Uvuvi aliyoipakua na alinganishe kifungu kwa kifungu.